Ng'ombe Walionioa Mimi, Wakamwoa na Wifi Yangu

Nina miaka ishirini na saba. Ninaishi Ng'ambo, hapa Tabora mjini, katika chumba kimoja cha uani, na ninauza asali na karanga za kukaanga barazani. Wateja wangu wananijua kama mwanamke mcheshi. Hawajui kwa nini sivui mtandio mabegani hata jua la Oktoba likiwaka... Nawaeleza ninyi, wasomaji wenzangu, kwa sababu yupo mwanamke mwingine anayeteseka sasa hivi mahali nilipoteseka mimi.

Niiteni Kalunde. Nilizaliwa Igunga, kwa wakulima na wafugaji. Mama alitutoka mapema, tukabaki na baba, mimi na kaka yangu Shija. Mwaka niliomaliza kidato cha nne, ukame uliwamaliza ng'ombe wa baba. Zizi likabaki miti na mavi makavu. Na Shija alikuwa ameshapata mchumba, Nyamizi, binti wa kijiji cha jirani. Baba yake Nyamizi alitaka mahari ya ng'ombe. Baba yetu angewatoa wapi?

Aliwatoa kwangu.

Alikuja mshenga wa mtu mmoja aitwaye Jilala, mfugaji wa Usinge, kule Kaliua. Jilala mwenyewe alikuwa mtu mzima, mpole, hanywi pombe, akisalimia wazee anainama mpaka unamwonea huruma. Nilimwambia baba kwamba nataka kurudia mtihani. Baba hakunigombeza. Alisema, "Shule haihami, mwanangu. Huyu mtu akiondoka harudi."

Ng'ombe wakaja wakiswagwa. Kila mmoja alikuwa na alama pajani, duara lenye mkato katikati, iliyochomwa kwa chuma. Hawakukaa sana kwetu. Waliswagwa tena mpaka kwa baba yake Nyamizi, na vumbi lao lilipotua, Shija alikuwa na mke.

Nyamizi alikuwa na maneno mengi, na kicheko chake ukikisikia nawe unacheka kabla hujajua sababu. Siku ya harusi yao alinishika mkono jikoni mbele ya shangazi zangu wote.

"Wifi, hawa wanadanganyana huko nje. Aliyenioa ni wewe. Sema basi, nikupikie nini, mume wangu?"

Tulicheka mpaka tukashikana mbavu. Shangazi mmoja akasema, "Mpikie wali, mahari aliyotoa si ndogo." Ningejua kwamba utani ule ulikuwa ukweli mtupu, ningecheka?

Nikapelekwa kwa mume wangu kwa treni. Kutoka Tabora reli inaelekea machweo, sambamba na njia ya misafara ya zamani. Bibi alikuwa akisimulia kwamba watu wa ukoo wetu walipita njia ile na pembe za ndovu mabegani, na mpagazi aliangaliwa kwa jicho moja na mzigo wake. Mimi nilikaa dirishani na begi langu mapajani... Sikujua kama ni mimi ninayelisafirisha begi, au sote wawili tunasafirishwa.

Kaya ya Jilala ilikuwa peke yake, mbali na nyumba nyingine. Mbele palikuwa na zizi, nyuma msitu wa hifadhi. Jioni msitu ule ulinyamaza ghafla, kama watu wanaoacha kuzungumza mgeni akiingia.

Mume wangu hakuwahi kupandisha sauti. Hilo ndilo ninalotaka mlielewe. Wiki ya kwanza aliniomba simu yangu, akaitia mfukoni, sikuiona tena. Alisema mke wa mtu hana wa kumpigia. Alipoanza kunipiga, alitumia fimbo ya kuchungia, na hakunipiga kwa hasira. Alinipiga kama mtu anayepasua kuni. Akimaliza aliiegemeza fimbo ukutani akasema, "Haya, kapike."

Kosa langu lilikuwa nini? Siku moja chumvi imezidi. Siku nyingine nimechelewa kisimani. Siku nyingine hakusema kosa, nami sikuuliza. Mtoto sikujaliwa, na hilo pia liliwekwa kwenye hesabu yangu.

Msimu mmoja wa kiangazi alikuwa akiwatia ndama alama. Aliniita nimshikie kamba. Chuma kilikuwa kwenye makaa, ncha yake nyekundu. Ndama alilia, harufu ya manyoya yanayoungua ikajaa uani. Jilala alifuta jasho, akanitazama kwa muda mrefu.

"Mali yangu yote ina alama," alisema taratibu. "Amebaki mmoja tu."

Nilidhani ni mzaha. Nikatafuta kicheko usoni mwake, sikukiona.

Nilitoroka juma lile lile. Nilifika Igunga miguu imevimba. Nyamizi ndiye aliyenipokea. Alikuwa na watoto wawili sasa, wa pili bado mgongoni. Alichemsha maji akanikanda michubuko huku machozi yakimtoka, akimtukana Jilala kwa Kinyamwezi matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Lakini baba alikaa kwenye kigoda chake akatazama chini. "Kalunde, wale ng'ombe unajua hawapo hapa. Mkwe akija, nimkabidhi nini?"

Shija alisimama. Alimtazama mke wake, akawatazama wanawe, akatoka nje.

Asubuhi, tukiwa kisimani, Nyamizi aliweka ndoo chini.

"Wifi, nikwambie ukweli au nikufiche?"

"Niambie."

"Ng'ombe wakidaiwa hapa, watadaiwa kwetu. Wakitoka kwetu, mimi naondoka hapa, na watoto wanabaki. Sikufukuzi, wifi... Mungu ananiona sikufukuzi. Lakini jaribu tena kidogo."

Nifanye nini? Nimchukie? Aliogopa kupoteza wanawe, na kwa hofu ile sikuweza kumlaumu. Alinifungia michembe ya viazi vikavu kwenye kitambaa, akanisindikiza mpaka barabarani. Nikarudi.

Jilala alikuja kunipokea stesheni. Alinibebea begi. Njia nzima hakuuliza nilikuwa wapi. Alinionyesha tu shamba la jirani na kusema tumbaku mwaka huu imekubali. Siku zikapita bila kipigo hata kimoja. Ndipo nilipoanza kuogopa kweli...

Alasiri moja niliona amewasha makaa uani. Hakukuwa na ndama. Aliniita kwa jina langu, kwa upole, kama mtu anayemwita mwenzake aje kula.

"Kalunde. Njoo ukae hapa."

Sitasimulia yote. Nitasema tu kwamba nililia, na msitu ulikuwa karibu, na hapakuwa na mwingine wa kunisikia. Alipomaliza aliingia ndani akatoka na samli, akanipaka begani kwa mkono wake mwenyewe, polepole, asije akaniumiza. Mpaka leo nikisikia harufu ya samli natapika.

Kidonda kilipoanza kukauka nilitoroka tena. Safari hii sikuomba ruhusa ya mtu wala ya Mungu. Nilipita pembeni ya msitu mpaka njia kuu, nikapata lori la magogo, dereva akanitazama mara moja tu na asinidai nauli.

Jilala alinifuata Igunga baada ya siku chache, Nyamizi akiwa ameshanisafisha kidonda. Aliinama, "Shikamoo baba," baba akaitika, "Marahaba, mwanangu." Mwanangu! Wazee wa ukoo wakaitwa. Wanaume wakakaa uani kwenye viti, wanawake tukakaa jikoni, mimi nikawekwa mlangoni ili niulizwe.

Jilala alisema maneno machache. "Mimi sina ugomvi na mtu. Nataka mke wangu, au ng'ombe wangu."

Mzee mmoja akanigeukia. "Binti, alikunyima chakula?"

"Hapana."

"Alikunyima nguo?"

"Hapana, baba. Amenichoma."

"Amekuchoma wapi?"

Nikaweka mkono begani. Hapo shangazi yangu akanivuta khanga kutoka nyuma akaninong'oneza kwa ukali, "Utavua nguo mbele ya baba zako?" Na ilikuwa kweli. Kwetu mwanamke havui bega mbele ya wakubwa na wakwe. Alama ilikuwepo, nguo moja tu ikiitenga na macho ya wazee wote wale, na adabu ikanizuia kuionyesha. Jilala alilijua hilo. Alikuwa akitazama vidole vyake.

Mzee akasema, "Basi, kuungua jikoni ni jambo la kawaida kwa wanawake."

Ndipo Nyamizi alipotoka jikoni, mwiko mkononi, unga umemganda kwenye vidole.

"Mimi nimeliona hilo bega," alisema. "Ni alama ya ng'ombe. Ile ile iliyo mapajani mwa ng'ombe walio kwa baba yangu."

"Nyamizi, rudi jikoni," Shija alisema.

"Jiko gani? Hili lililonunuliwa kwa ngozi ya dada yako?" Alimnyooshea Jilala mwiko. "Mimi narudi kwetu. Kamdaini baba yangu, mmrudishie huyu mali yake. Kalunde asirudi kule."

Nilitaka kumwambia anyamaze, awakumbuke wanawe. Sikuweza. Niliutaka uhai wangu, wasomaji wenzangu. Nilikaa kimya nikaacha ayaweke maisha yake mezani kwa ajili yangu.

Wazee walijadiliana mpaka jua likainama. Wakaamua: ng'ombe warudi kwa Jilala, Nyamizi arudi kwa baba yake, watoto wabaki na Shija kwa kuwa ni damu yake. Nani aliwauliza watoto? Yule mdogo alikuwa bado ananyonya. Nyamizi alimnyonyesha palepale mlangoni, akamkabidhi kwa shangazi, akajitwisha sanduku lake. Hakugeuka. Nadhani angegeuka asingeweza kwenda.

Mimi nikaja Tabora mjini, kwa rafiki niliyesoma naye. Nilidhani hadithi imeishia hapo. Nikaanza kununua asali kwa wafuga nyuki na kuuza kwa vichupa. Nikaanza kulala usingizi. Shija akaoa mwingine kabla ya masika, kwani wanaume wa kwetu hawakosi...

Kisha nikapata habari kutoka kwa mtu wa Igunga aliyekuja kununua karanga. Alisimulia kama jambo la kuchekesha.

Jilala alikwenda kwa baba yake Nyamizi kuwachukua ng'ombe wake. Akamkuta mzee ana huzuni ya kuachana nao, wamekwisha kuzaa na kunenepa. Akamkuta na Nyamizi, amerudishwa nyumbani, anafagia uwanja. Jilala akakaa, akanywa maziwa, akasema kwa ule upole wake, "Baba, kwa nini tuwasumbue ng'ombe?"

Ng'ombe hawakutoka zizini. Aliyetoka ni Nyamizi.

Nilifunga biashara siku ile ile. Nilikimbia kituo cha mabasi, nikaenda Igunga kwa Shija. Nilipiga magoti. Alisema, "Si mke wangu tena, dada. Nitaingiliaje mji wa mtu?" Nikaenda kwa baba yake Nyamizi. Hata maji hakunipa. Alisema mimi ndiye niliyevunja nyumba ya binti yake, na Jilala ndiye aliyemfuta aibu.

Basi nikaenda Usinge mwenyewe, siku ya mnada, kwa kuwa nilijua Jilala hukaa upande wa mifugo mpaka jioni, na wanawake hununua chumvi na mafuta upande wa pili. Nilijifunika uso. Kila fimbo iliyogonga mgongo wa ng'ombe ilinishtua. Nilimkuta Nyamizi amesimama kwenye dagaa, amekonda, kitenge kimemfunika mpaka shingoni. Jua lilikuwa kali sana. Sikumwuliza kwa nini amejifunika hivyo.

"Twende," nilimwambia. "Gari lipo. Nina chumba Ng'ambo. Twende sasa hivi."

Alinitazama bila kustuka, kama aliyekuwa akinisubiri.

"Wifi, mdogo wangu wa kiume ameoa."

Sikuelewa.

"Ameoa miezi michache iliyopita. Kwa wale ng'ombe. Wameshapelekwa kwa kina msichana, huko Nzega." Alikuwa akichagua dagaa, vidole vyake havikusimama. "Nimeambiwa ni mtoto mdogo, ana miaka kumi na minane. Ameshapata mimba. Nikiondoka hapa, ng'ombe wataanza kudaiwa, mpaka deni limfikie yeye. Nilikuona wewe. Nilijiona mimi. Sasa nimfanyie na yeye vivyo hivyo?"

"Nyamizi, atakuua."

"Najua," alisema. Akalipia dagaa. "Ondoka kabla hajaja huku. Huwa anakuja kuniangalia."

Nilimwona kwa mbali akija, kofia mkononi, akiwasalimia wazee kwa kuinama. Nyamizi alikuwa ameshaanza kutembea kumwelekea, haraka, ili asinifikie mimi.

Nimekwenda ofisi zaidi ya moja tangu siku hiyo, na sijaacha. Bega langu, ambalo sikuweza kulionyesha mbele ya wazee, nimelionyesha mbele ya watu nisiowajua, na nitaendelea kulionyesha. Lakini nikimtaja Nyamizi, wananiuliza mlalamikaji yuko wapi. Mlalamikaji yuko Usinge, amekaa kimya ili msichana asiyemjua apate kujifungua kwenye nyumba yake.

Ninyi wazazi mnaosoma haya, nawaomba, msimpeleke binti yenu mahali ambapo hamwezi kumrudisha. Ukishawatumia ng'ombe wake kwa jambo jingine, umeufunga mlango ukiwa ndani na yeye yuko nje. Dada zangu, bega lenu likichomwa, vueni nguo. Vueni mbele ya baba, mbele ya wakwe, mbele ya yeyote. Aibu si yenu.

Na wewe kaka unayejiandaa kuoa, ukioneshwa ng'ombe wa mahari yako, usiwaangalie unene. Uliza wametoka kwa dada yupi. Kisha panda gari ukamtembelee kwake, bila kumpa taarifa, ukakae naye mpaka akuambie ukweli.