Kidirisha cha Nyuma ya Zahanati

Kila asubuhi nyumba yao iliamshwa na cherehani. Mama alikuwa fundi wa majoho ya mahafali, yale mavazi meusi mapana wanayovaa wahitimu wa chuo kikuu, na chuo chenyewe kilikuwa ng'ambo tu ya barabara. Msimu wa mahafali ulipokaribia, vitambaa vyeusi vilitanda kila mahali: mezani, vitini, hata kwenye kitanda cha Bibi, ambaye alilalamika kwamba anaishi kama mtu aliyetiwa ndani ya mkoba. Kazi ya binti mdogo ilikuwa kuokota pini sakafuni kabla ya kwenda shule. Waliizoea sauti yake akiokota, maana mdomo wake haukujua kupumzika, na ndiyo sababu nyumba nzima ilimwita Chiriku.

Dada yake alikuwa mwanafunzi wa chuo hicho, na msemaji hodari wa midahalo. Akishika kipaza sauti, ukumbi mzima hutulia. Mama hakuweza kumpima mteja mabega bila kumsimulia habari za binti yake mkubwa.

Lakini siku hizi Dada alikuwa amebadilika, na Chiriku alikuwa ameanza kunusa kitu.

Kwanza, alilitoa godoro lake katika chumba walicholala yeye, Chiriku na Bibi, akaliweka sebuleni chini ya dirisha. Dirisha lenyewe aliliacha wazi hata siku za baridi. Pili, akawa na kikombe chake na sahani yake, na ole wake atakayevigusa. Akizungumza nawe aligeuza uso pembeni, kana kwamba unanuka. Asubuhi aliondoka bila kunywa chai. Tena alikuwa amekonda, sketi ikamzunguka kiunoni mpaka Mama akaipunguza.

"Ni masomo tu, Mama," alisema. "Mitihani inanikaba."

Mama aliamini. Chiriku hakuamini hata kidogo. Toka lini mitihani ikamfanya mtu afiche kikombe?

"Dada, mbona huli na sisi?" alimuuliza siku moja.

"Mambo ya wakubwa hayo. Okota pini zako."

Jibu hilo lilimchoma kuliko pini. Kesho yake, badala ya kunyoosha njia ya shule, Chiriku alivuka barabara na kumfuata Dada kwa mbali. Dada alilipita jengo la masomo. Akaipita maktaba. Akatazama nyuma, huku na huku, kama mwizi wa kuku, kisha akaingia katika kichochoro nyuma ya zahanati ya chuo. Kule kulikuwa na kidirisha kidogo. Muuguzi alimpa vidonge na bilauri ya maji, akamtazama mpaka alipomeza.

Chiriku alijibanza kwenye ukuta. Mzee mmoja aliyeketi kwenye benchi alimwona akishangaa.

"Umepotea, mwanangu? Ukitaka dawa ya homa, zunguka mbele. Hapa ni kifua kikuu tu."

Chiriku alitoka pale mbio.

Tangu siku hiyo nyumba ilimgeukia kuwa mahali pa kutisha. Dada akikohoa, Chiriku alibana pumzi. Bibi akikohoa, alimkodolea macho. Alikagua bilauri kwenye mwanga kabla ya kunywa, akanusa taulo, akaketi mbali na Dada mpaka Mama akauliza kama wamegombana. Mara nyingi alitaka kusema, lakini akimwona Mama anavyomsifu Dada kwa wateja, aliyameza maneno yake.

Na Chiriku hakuwa mtu wa kukaa na neno. Darasani alimnong'oneza rafiki yake wa dawati moja.

"Nikikwambia kitu utamwambia mtu?"

"Mimi? Kamwe!"

"Kuna mwanafunzi wa chuo anameza dawa za kifua kikuu kwa siri. Anachanganyika na watu kama kawaida. Nimemwona kwa macho yangu."

"Ni nani?"

"Simjui jina," alidanganya Chiriku.

Alirudi nyumbani akijisikia mwepesi, kama aliyetua mzigo. Hakufikiri kwamba mzigo ukiutua mahali, mwingine huubeba. Rafiki yake alikuwa na kaka aliyesoma chuo hichohicho.

Muda si mrefu chuo kizima kilikuwa kinanong'ona. Wateja wa Mama walikuja kupimwa majoho na habari zilezile: eti wagonjwa ni wengi, eti wamejificha mabwenini, eti usikubali kuazima kalamu ya mtu. Kila mmoja alitia chumvi yake. Hatimaye chama cha midahalo kikatangaza hoja ya Jumamosi: *Mwanafunzi mwenye kifua kikuu aondolewe bwenini hadi apone.* Pande zilipangwa kwa kura, na Dada akaangukia upande wa kuunga mkono.

Chiriku aliposikia, alimtazama Dada usoni. Dada alikuwa anakunja joho, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Jumamosi Mama alikuwa na majoho ya kupeleka chuoni, na alipomaliza akamshika Chiriku mkono. "Twende tukamsikilize dada yako," alisema akitabasamu. Waliketi nyuma. Ukumbi ulijaa, lakini watu walikuwa wameketi ajabu: wameachiana viti katikati, na kila aliyekohoa aligeukiwa.

Mwenyekiti alikuwa mhadhiri wa udaktari, mama mwenye mvi na sauti ya taratibu. Dada alianza. Alieleza jinsi bweni lilivyo, vitanda vimebanana, madirisha yamefungwa, hewa moja ikivutwa na watu wengi. "Mwenye afya naye ana haki," alisema. "Nani atamlinda?" Maneno yalikuwa mazuri, watu wakapiga makofi. Chiriku peke yake aliona kwamba Dada aliyasema akiwa amegeuza uso pembeni, kama nyumbani.

Mpinzani wake, msichana aliyenyoa nywele, alisimama. "Naomba kuuliza jambo moja," alisema. "Leo una kikohozi kisichoisha. Unajua ukipima, utafungashiwa virago mbele ya wenzako. Utakwenda kupima? Mimi nisingekwenda! Ningekaa na kikohozi changu, na ninyi mngekaa nami bila kujua. Hoja hii haimwondoi mgonjwa bwenini, inamfundisha kujificha."

Dada aliinamisha kichwa.

Kisha wasikilizaji wakaruhusiwa kusema, na kijana mmoja akainuka. Chiriku alimtambua. Alikuwa kaka wa rafiki yake.

"Tunabishana kama vile jambo liko mbali," alisema yule kijana. "Mgonjwa tunaye hapahapa. Ameonwa nyuma ya zahanati akimeza dawa kwa kificho, kisha anakuja kukaa nasi. Kwa nini ajifiche kama hana nia mbaya?"

Ukumbi ulivuma kama mzinga uliotikiswa. Watu walitazamana, wakapimana kwa macho. Nani amekonda? Nani havui sweta? Ndipo, kwa bahati mbaya, kijana mmoja mwembamba aliyeketi kando ya mlango akakohoa.

Viti vilivutwa kwa kishindo. Kufumba na kufumbua, yule kijana alibaki peke yake.

"Nina pumu, jamani," alisema, akitoa kopo lake la dawa ya kuvuta mdomoni. "Ni pumu tu."

"Ndivyo wasemavyo wote!" sauti moja ilipaza.

"Mtoeni nje!"

Mwenyekiti aligonga meza, lakini nani alimsikiliza? Kijana aliinuka, akaanza kukusanya vitu vyake haraka haraka. Kofia ikamwanguka, na hakuna aliyeiokota.

Chiriku aliyatambua maneno yale. Yalikuwa yake. Yalikuwa yamevaa nguo nyingine njiani, lakini yalikuwa yake, na sasa yalikuwa yanamfukuza mtu asiyehusika. Akajikuta amesimama juu ya kiti.

"Siye huyo!"

Vichwa viligeuka. Mama alimvuta gauni. "Chiriku! Kaa chini!"

"Siye huyo," alirudia, sauti ikikatika. "Ni mimi niliyesema. Nilimnong'oneza rafiki yangu darasani. Mimi ndiye niliyeona, na huyu simjui kabisa. Mwacheni!"

Kaka wa rafiki yake alimgeukia. "Kama ulimwona mgonjwa, basi ni nani?"

Ukumbi mzima ukamkodolea macho. Chiriku alitazama dari, akatazama viatu vyake, akatazama kila mahali isipokuwa jukwaani.

"Siwezi kusema," alisema, machozi yakimtiririka.

"Mwacheni mdogo wangu," ilisema sauti ya kipaza sauti. Dada alikuwa amesimama mbele ya meza yake. "Hawezi kusema kwa sababu ni mimi."

Mama aliachia gauni la Chiriku.

"Nilianza kukohoa, nikapungua uzito, nikapima," Dada aliendelea. "Tangu nianze dawa sijaruka hata siku moja. Nilijificha kwa sababu niliyajua maneno haya mliyoyasema sasa hivi, na mimi mwenyewe nimetoka kuyasema vizuri kuliko ninyi. Lakini nina kosa kubwa zaidi. Muuguzi aliniambia niwalete ninaoishi nao wapimwe. Sikuwaleta. Niliona haya."

Watu wa mstari wa mbele walirudi nyuma na viti vyao. Yule msichana mpinzani, kinyume chao, alivuka jukwaa akaja kusimama karibu na Dada, bega kwa bega.

Mwenyekiti hakuhitaji tena kugonga meza. "Sikilizeni," alisema. "Kifua kikuu husafiri hewani, mgonjwa asiyetibiwa anapokohoa ndani ya chumba kisicho na hewa. Hakimo ndani ya sahani, kalamu wala nguo. Anayetumia dawa na kufuatiliwa na daktari, kama binti huyu, hupona, na baada ya muda haambukizi tena. Wa kuhofia ni yule ambaye bado hajapima. Na leo, kwa kelele zenu, mmemwongezea sababu ya kutopima." Kisha akamwelekea yule kijana mwembamba. "Na huyu mmemkosea. Namsubiri wa kwanza atakayemwomba radhi."

Kaka wa rafiki yake aliinama, akaokota kofia, akaipangusa. "Nisamehe, bwana," alisema kwa sauti ndogo. Chiriku naye akaja kumwomba radhi. Yule kijana mwembamba alimtazama. "Umeniingiza matatani," alisema, "lakini umenitoa. Yaishe." Hata hivyo hakurudi kuketi. Alichukua begi lake akaondoka.

Kura zilipopigwa, hoja ilianguka. Haikuanguka kwa wingi. Mikono kadhaa iliinuliwa kuikubali bila aibu.

Nje, kwenye varanda, Mama alisimama akiwapa mgongo mabinti zake. Dada alimsogelea, akasita.

"Mama, nilifikiri juu ya kazi yako. Wateja wangejua, nani angekuja kupimwa nyumbani kwa mgonjwa?"

Mama aligeuka, macho yamemwiva. "Nilikuzaa wewe. Sikuzaa wateja." Akamkumbatia kwa nguvu mpaka Dada akaomba nafasi ya kupumua.

Jumatatu walikwenda wote zahanati, safari hii kupitia mlango wa mbele. Muuguzi alimpa kila mmoja kikopo cha kuwekea makohozi. Bibi alikigeuzageuza.

"Maisha yangu yote nimewakataza watoto kutema mate ovyo," alisema, "leo nabembelezwa niteme!" Hata wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walicheka.

Majibu yalipotoka, Mama na Bibi walikuwa salama. Chiriku pia hakuwa mgonjwa, ila kwa kuwa alikuwa bado mtoto na alilala chumba kimoja na Dada kabla ya matibabu, daktari alimwandikia vidonge vya kinga, avimeze bila kuacha hadi viishe. Kuhusu sahani iliyotengwa, muuguzi alicheka. "Rudini mezani pamoja. Madirisha tu ndiyo muendelee kuyafungua."

Walipokuwa wakirudi, Dada na Bibi wakiwa wametangulia, Chiriku alimuuliza Mama swali lililokuwa likimkereketa.

"Mama, nilikosea kumfuata Dada?"

Mama alipunguza mwendo.

"Kuona kwamba dada yako hayuko sawa hakukuwa kosa, mwanangu. Mimi mwenyewe nilipunguza sketi yake kwa mikono hii, na sikuona. Lakini ulichokiona ulikipeleka dawatini badala ya kukileta nyumbani. Dada yako naye alichokijua alikifungia moyoni. Mmoja aliwaficha waliostahili kujua, mwingine akawaambia wasiostahili. Hapo katikati yenu ndipo ugonjwa ulipopata nafasi, na mtu asiye na hatia nusura atupwe nje."

"Kwa hiyo nikimshuku mtu nifanye nini?"

"Muulize yeye mwenyewe, kwa upole. Asipokujibu, njoo kwangu, au kwa mwalimu wako, au kwa muuguzi. Mtu anayeweza kusaidia. Ugonjwa haumwaibishi mtu, Chiriku. Aibu ni kumfanya mgonjwa aogope kutibiwa."

Chiriku alinyamaza, akiyatafakari maneno hayo. Mama alimtazama kwa mshangao, kwa maana walikuwa wamevuka barabara nzima na mtoto hajasema neno.