Dumu la Maji ya Mvua

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu vya shule, Chiriku aliingia chumba cha mbele ambako mama yake mdogo alishonea nguo za watu. Aliizunguka cherehani, akachota kikombe cha maji kutoka kwenye dumu la buluu lililokaa chini ya meza, kisha akayamimina taratibu kwenye sinia la dirishani. Ndani ya sinia hilo kulikuwa na vyungu vya mimea inayokula wadudu.

Mmea mmoja ulikuwa na majani yanayojifumba kama kinywa nzi anapotua. Mwingine ulining'iniza vibuyu vyembamba ambamo sisimizi waliteleza na kuzama. Lakini Chiriku alipenda zaidi ile midogo, ambayo nyumbani waliiita vitone. Kitone kizima hakikuzidi kifungo cha shati. Majani yake yalikuwa na vinywele vyekundu, na kila kinywele kilibeba tone la utomvu lililong'aa kama umande. Kidudu akitua pale, kwisha habari yake.

Mama mdogo hakufundishwa na mtu kutunza mimea hiyo. Alijaribu, akakosea, akajaribu tena.

"Udongo wao ni maskini, hauna chakula," alimweleza Chiriku. "Ndiyo maana wanajitafutia wadudu. Na maji ya bomba hawayawezi. Unauona ule ukoko mweupe ndani ya birika letu? Ni madini ya maji ya bomba. Sisi hayatudhuru, lakini vitone vinaungua mizizi. Maji ya mvua tu, mwanangu. Na dumu hili ni la vitone peke yao."

"Mama mdogo, kwa hiyo vitone vinadeka kuliko mimi?"

"Vinadeka, ila havinipigii kelele."

Jina la Chiriku alipewa na jirani yao, fundi mwashi, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mwashi huyo ndiye aliyewaletea mchanga wa kuchanganya na udongo, mama mdogo alipohamishia vitone kwenye chungu kipya. Aliuosha mwenyewe mara kadhaa, akauleta begani huku akitania, "Haya, chakula cha simba wako hicho. Wakishiba wasije wakanila mimi."

Siku chache baadaye mama mdogo alisafiri kwenda kumuuguza bibi aliyeteguka mguu. Vitone vikabaki mikononi mwa Chiriku.

Mwanzoni mambo yalikwenda sawa. Kisha ikaja Jumapili ambayo Chiriku aliicheza yote. Jioni alikumbuka sare yake chafu, akakimbilia bomba, akafungua. Bomba likakoroma, halikutoa hata tone. Mama yake mzazi alikuwa bado kazini. Chiriku aliliangalia lile dumu la buluu, akaangalia kola ya shati lake, akaliangalia tena dumu.

Sare ilitakata ajabu. Povu lilijaa beseni. Dumu likabaki tupu.

Kesho yake alfajiri maji yaliporudi, alilijaza dumu kutoka bombani mpaka shingoni na kulirudisha chini ya meza. "Maji ni maji," alijisemea. Tena ukiyatazama, yalikuwa meupe vilevile. Kisha akachota kikombe kama kawaida, na hivyo hivyo kila asubuhi kwa wiki kadhaa.

Mama mdogo aliporudi, alienda dirishani hata kabla ya kuvua viatu. Ile mimea mikubwa ilikuwa bado imesimama, lakini umande wa vitone ulikuwa umekauka. Majani ya vitone yalijikunja na kuwa ya kahawia, na juu ya udongo kulikuwa na utando mweupe.

"Uliwapa maji?" aliuliza kwa sauti yake ya upole.

"Kila siku, mama mdogo."

"Ya dumu hili?"

"Ya dumu hilohilo."

Maneno yote yalikuwa kweli, na Chiriku alijua kwamba alikuwa amedanganya.

Mama mdogo alikaa kwenye kiti chake cha kushonea akafikiri. Mwanga haukuwa umebadilika. Maji yalikuwa ya mvua. Kitu kipya kilikuwa kimoja tu. Akachukua kikombe, akavinywesha vitone kutoka kwenye dumu ili kuviburudisha, na Chiriku akageuza macho pembeni.

"Ni mchanga," mama mdogo alisema mwishowe. "Utando huu mweupe ni chumvi. Fundi aliniambia ameuosha. Sikutegemea."

Jioni mwashi alipita dirishani kama kawaida yake, akicheka. "Simba hawajambo?"

"Wanakufa, fundi. Mchanga wako una chumvi."

Mwashi aliacha kucheka. "Mimi? Niliuosha mpaka maji yakawa safi."

"Sigombi, fundi. Lakini safari nyingine, kama hukuosha kitu, niambie tu."

Mwashi aliinua ndoo yake akaenda zake bila kuaga. Jambo hilo halikuwahi kutokea kabla.

Usiku huo Chiriku alikula bila kusema neno. Mama yake akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Asubuhi alimkuta mama mdogo ametandika gazeti mezani, kijiko mkononi, tayari kuving'oa vitone na kuutupa ule mchanga. Pembeni kilikuwepo kikombe kilichojazwa kutoka kwenye dumu.

"Usivipe hayo maji!" Chiriku alipaza sauti. "Ni ya bomba. Ya mvua nilifulia sare. Nikajaza mengine ili usijue. Mchanga hauna kosa, mama mdogo."

Mama mdogo aliweka kijiko chini. Alikisogeza kikombe mbali na vitone.

"Kumbe jana niliwaunguza kwa mkono wangu mwenyewe," alisema. "Na nikamvunjia heshima mtu aliyenisaidia."

Chiriku alianza kulia. Hakupigwa wala hakufokewa.

"Futa machozi. Kwanza twende kwa fundi, sote wawili. Kisha tutafute maji."

Mwashi aliwasikiliza huku mwiko ukiwa mkononi. "Kumbe siku hizi chiriku anaweza kunyamaza," alisema. "Kunyamaza kwako kumenikosesha usingizi, mwanangu." Kisha akatabasamu kidogo, na mama mdogo naye akamwomba radhi.

Mvua haikuwa karibu kunyesha, kwa hiyo wakatumia mvuke. Mama mdogo alichemsha maji katika sufuria, akaweka bakuli katikati, akafunika kwa mfuniko uliopinduliwa. Kazi ya Chiriku ilikuwa kubadilisha vitambaa vya maji baridi juu ya mfuniko, ili mvuke ugeuke matone na kudondokea bakulini. Mchana kutwa walipata vikombe vichache tu. Wakayaacha yapoe, wakayapitisha kwenye udongo kuusafisha. Walirudia siku baada ya siku, na Chiriku hakwenda kucheza.

Vitone vingi vilikufa. Vichache vilivyobaki vilirudisha umande wao, na ubaridi ulipoingia, katikati ya kila kimoja vikajitokeza vichipukizi vya kijani, vidogo kama magamba ya dagaa. Mvua ya kwanza ilipoanza, mama mdogo alikitoa chungu nje. Tone moja lilipiga katikati ya kitone, kichipukizi kikaruka, kikatua kwenye kopo la mchanga na udongo waliloliandaa pembeni.

"Kinaota hapo?" Chiriku alinong'ona.

"Kinaota. Ndivyo wanavyozaana." Mama mdogo alilivuta dumu likinge mvua. "Kuishiwa maji si kosa la kuvunja nyumba, Chiriku. Ungenipigia simu siku ileile, ningewaelekeza namna ya kuvuna mvuke mapema. Lakini mmea hauna mdomo. Ukinificha kilichotokea, mimi natibu ugonjwa ambao haupo, na asiye na kosa anaumia. Mtu anayetunza uhai wa kiumbe kingine lazima aseme kweli, hasa anapokosea."

"Nimeelewa, mama mdogo. Lile kopo ni la nani?"

"La fundi. Utampelekea wewe."

Chiriku alilipeleka kwa mikono miwili, na kabla mwashi hajajibu salamu, alikuwa ameshaanza: maji ya bomba hapana, ya kisima hapana, hata kama ni meupe namna gani, na kama umekosea, fundi, njoo useme, usiogope.

"Haya, haya," mwashi alisema akilipokea kopo. "Chiriku amerudi."