Watu wa Kisimani

"Nyinyi ni watu wa nani?"

Aliyeuliza ni baba wa binti, mzee wa sauti nzito, ameketi kwenye kiti cha mikono mbele ya kabati la vyombo. Mji mzima ulimwita Mzee wa Uzio, kwa sababu ufunguo wa uzio wa makaburi ya waanzilishi ulining'inia shingoni mwake mchana kutwa. Hakuuliza kwa ubaya. Kila anayekwenda kuposa huulizwa swali hilo, anajibu, watu wanacheka kidogo, chai inamiminwa.

Kwa upande wa mwanamume, mkubwa alikuwa Bibi. Pembeni yake alikaa mjukuu wake, fundi wa visima ambaye wenzake humwita Chini, kwa kuwa ukimtafuta juu ya ardhi humpati. Bibi akautazama ule ufunguo.

"Sisi ni watoto wa Mkata Njia," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mkata Njia ndiye aliyeufungua mji ule ulipokuwa pori tupu, akaja na ng'ombe wake na watu wake. Mzee wa Uzio ni damu yake, mtu anayeweza kukupandisha kwenye ukoo ule jina kwa jina bila kuvuta pumzi. Akamuuliza Bibi mumewe ni yupi. Bibi akamtaja. Mzee akaitikia kwa kichwa: ndiyo, yumo ndani ya uzio, safu ya pili, jiwe lililochongwa sururu.

Mlangoni alikuwa amesimama binti na sinia la vikombe. Kazi yake ni kuchora mabango ya maduka, na kila mtu humwita Rangi, hata baba yake, akiwa hajakasirika. Sinia halikuanguka. Vikombe tu vilianza kugongana.

"Basi hapa hakuna posa," mzee akasema taratibu. "Kuna ndugu waliokuja kutembeleana. Karibuni chai."

Wazee waliinywa chai ile; kwenye vikombe vya vijana wawili ikapoa.

Mtu atauliza, Chini hakujua kwao? Hakujua. Babu yake aliuhama mji ule na sururu begani akiwa kijana, akachimba visima nchi hadi nchi, akarudishwa akiwa maiti kabla Chini hajazaliwa. Kila mara Chini akiwa mtoto alipouliza kwao ni wapi, Bibi alimjibu, "Sisi ni watu wa kisimani," naye akadhani ni mzaha wa kazi. Mwaka huu halmashauri ilipomwita aje kukifufua kisima cha kwanza cha mji, Bibi alifunga mzigo wake kabla hajaambiwa. Tangu wafike, alikuwa akienda asubuhi kusimama nje ya uzio, anachungulia kaburi la mumewe kati ya nondo. Ufunguo hakuwahi kuuomba, kwa kuwa angeulizwa ni mtu wa nani.

Na hapo kisimani ndipo Chini alipokutana na Rangi, aliyekuwa amepewa kazi ya kuchora bango. Mapenzi yao yalikuwa ya aina yake. Ndani ya kisima simu haishiki mtandao, kwa hiyo binti alikuwa akiandika ujumbe mmoja baada ya mwingine, na jamaa akitoka na matope hadi masikioni, simu inalia mfululizo kama kuku aliyetaga. Wavuta kamba walimcheka. Walisema sasa anapanda juu haraka kuliko ndoo.

Jioni ile ya posa aliketi kitandani, simu ikalia mara moja tu.

"Kaka, umefika salama?"

Akaandika: "Usiniite hivyo. Hata kwa utani."

"Baba kasema ndivyo nikuite. Najizoesha."

Akaizima simu. Chumba cha pili alimsikia Bibi akijigeuza kitandani, akafikiri ni mgongo unamuuma.

Kazi haisubiri mwenye moyo mzito. Siku ya pili baada ya posa alishuka kuzoa matope ya mwisho na kunyoosha safu ya kwanza ya mawe, ambayo ilikuwa imelalia upande. Hapa lazima nieleze jambo moja la ukoo wake. Watu wa kwao wakimaliza kisima, huokota jiwe moja la pale, wakalitia mfukoni, na hilo ndilo linalolazwa la kwanza chini ya kisima kinachofuata. Chini alifundishwa na marehemu baba yake, naye alifundishwa na babu. Hakuwahi kuuliza kwa nini. Ni kama mtu anavyovaa kiatu cha kulia kwanza.

Alipong'oa jiwe la safu, mkono wake ukagusa chini yake kitu chenye vitundu vitundu. Akakisugua kwa maji. Lilikuwa jiwe jeusi, jepesi kuliko ukubwa wake, limetoboka kama mkate. Mawe yote ya nchi ile ni meupe, ukiyashika yanakuachia chokaa kiganjani.

Akalitia kwenye ndoo, akaitikisa kamba, akalifuata.

Rangi alikuwa juu ya ngazi, anamalizia bango lake. Hawakuwa wamesemeshana kwa mdomo tangu siku ile. Alishuka kwa sababu aliuona uso wake una jambo.

"Hilo nini?"

"Jiwe la kisima cha nyuma," Chini akasema, akamweleza desturi ya kwao. "Na hiki ndicho cha kwanza hapa. Kwa hiyo cha nyuma kilikuwa kwingine. Mkata Njia alitoka wapi?"

"Uwanda wa chumvi. Baba hachoki kulisema. Kule hakuna jiwe hata la kumtupia mbwa, walikuwa wanapigilia vigingi vya mahema kwa mfupa wa ng'ombe."

"Alijua kuchimba?"

"Alijua ng'ombe." Akalichukua lile jiwe, akaligeuza. "Hii desturi ya jiwe, ulisema kakufundisha nani?"

"Baba. Naye babu. Naye baba yake."

"Sisi kwetu hakuna aliyewahi kuweka jiwe popote," Rangi akasema. Akaketi juu ya kopo la rangi. "Hakuna hata mmoja, Chini."

Walitazamana. Wavuta kamba wakajifanya wanakunja kamba iliyokwisha kukunjwa.

Walimkuta Bibi anachambua mchele barazani. Chini alimwekea jiwe mapajani, juu ya sinia. Mikono ya Bibi ikasimama. Kisha akaanza kulipapasa vile mtu anavyopapasa kichwa cha mtoto aliyepona homa.

"Mume wangu aliniambia lipo," akasema. "Sikujua ni jeusi hivi."

Akawasimulia. Watu wa Mkata Njia walifika hapa na ng'ombe wao, wakapiga kambi, maji hayakuonekana. Akatokea mtu kwa miguu, peke yake, kutoka milima ya mawe meusi, ana sururu na lugha isiyoeleweka. Akatembea, akaonyesha kwa kidole, akachimba, maji yakatoka. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuwekeana sheria: kiwanja ni cha mtoto wa Mkata Njia, mpita njia apite. Wakataka apite. Ndipo Mkata Njia akasimama mbele yao akamshika mkono, akasema kuanzia siku hiyo huyo ni mwanawe, na anayebisha asinywe.

"Hakuna aliyebisha," Bibi akasema. "Wajukuu walipokuja wakajua ni damu moja tu. Siri ikabaki kwetu, mke anaambiwa na mume, naye anafundishwa la kujibu akiulizwa. Mimi nimelijibu juzi kabla sijafikiri."

Rangi alitaka kuruka kwa furaha, akajizuia, maana Bibi hakuwa na uso wa furaha.

"Bibi, kuna nini tena?"

"Kuna uzio, mwanangu. Ndani hulazwa watoto wa Mkata Njia na wake zao. Nikisema sisi si watoto wake, mimi nalala wapi? Pale ubavuni kwa mume wangu pana nafasi. Naiona kila asubuhi. Nimetembea naye nchi zote hizi nikilala juu ya mikeka ya watu, sikulalamika, kwa sababu nilijua mwisho wetu ni pale."

 Kuku alikuja akadonoa mchele, hakufukuzwa.

"Basi lirudi kisimani," Chini akasema. "Sijaliona."

Bibi akamtazama Rangi, akidhani binti atabisha. Rangi alikuwa amejiinamia. Akasema tu kwamba mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na baba yake bado huacha nafasi upande mmoja wa kitanda. Akamwomba Bibi asiseme kitu. Akaondoka bila kuaga vizuri, akasahau viatu vyake barazani.

Hivyo viatu ndivyo vilivyomshinda Bibi. Kesho yake alivifunga kwenye kitambaa pamoja na lile jiwe, akamwambia mjukuu ampigie simu Mzee wa Uzio kwamba wanakuja, na kwamba leo hatakaa kwenye kiti cha wageni.

Bibi aliyasema yote akiwa amesimama, jiwe likiwa mezani katikati ya vikombe. Mzee hakumkatiza. Alipomaliza, mzee aliushika ufunguo wake kwa muda, kisha akasema kitu ambacho hakuna aliyekitarajia.

"Mkata Njia alimwita mwana. Mimi ni nani nimvue jina hilo?"

"Mvue, baba," Bibi akasema. "Nimekuja kukuomba umvue. Nami nitoe ndani ya uzio wako. Hawa watoto wasikose maisha yao kwa sababu ya pa kulala pangu."

Chini akasema hapana. Rangi, nyuma ya mlango, akasema hapana kwa sauti zaidi. Mzee akainua mkono.

"Nyamazeni, wakubwa wanazungumza." Akamgeukia Bibi. "Shikamoo, mama. Sikukuamkia siku ile, nilikuwa na haraka ya kujisikiliza. Sasa kaa."

Bibi akakaa.

"Nimeulinda uzio ule tangu baba yangu aliponivika huu ufunguo. Kuna jambo limenikera miaka yote. Pembeni ya Mkata Njia, karibu kabisa, hakulazwa mwanawe wa kwanza. Hakulazwa wa pili. Amelazwa mmoja ambaye hatujui hata mama yake ni nani, na baba alisema ni Mkata Njia mwenyewe aliyeagiza. Nilidhani ni mtoto wa nje, nikawa naona aibu kuuliza." Akacheka kidogo, pumzi ya puani. "Kumbe ni huyu mwenye jiwe."

Kisha akahesabu mambo kwa sauti, kama mtu anayejisemea. Kinachozuia ndoa ni damu, na damu hapa hakuna. Kinachomlaza mtu ndani ya uzio ni neno la Mkata Njia, na neno hilo halijafutwa na mtu yeyote.

"Kwa hiyo nitalala pale?" Bibi akauliza, kwa sauti ndogo.

"Mama, na nani wa kukuzuia? Wachimba makaburi wote wa mji huu wakizeeka, atakayechimba ni huyu mjukuu wako. Mimi mwenyewe namtegemea."

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Rangi aliingia na chai, peku, na safari hii vikombe vilitulia.

Walioana kisimani, bango likiwa nyuma yao. Rangi alikuwa ameongeza chini ya herufi watu wawili wameshikana mikono, mmoja na fimbo ya kuchungia, mwingine na sururu. Wageni waliuliza yupi ni Mkata Njia, na Mzee wa Uzio alipata raha ya kueleza upya kila mara. Asubuhi yake alimpa Bibi ufunguo, akamwambia aende peke yake, asiharakishe.

Chini alilirudisha jiwe jeusi mahali pake kwa mkono wake mwenyewe. Alipotoka juu, matope hadi masikioni, simu ikashika mtandao, ikalia.

"Mume wangu, umefika salama?"

Akajifuta vidole kwenye shati, akaandika.

"Nimefika."