Furushi Si Kitabu

Kila Jumatatu Zulfa aliteremka kutoka Matogoro na ufagio wake wa chelewa, akafagia Darasa la Saba, kisha akafungua kamusi kubwa ya Kiingereza mezani kwa Mwalimu Judica. Kamusi ilikuwa moja kwa wanafunzi sitini. Jumatatu hii meza ilikuwa tupu.

Kabla ya kipindi cha kwanza Pankrasi, kiranja wa darasa, alikwisha kutoa hukumu. Ijumaa, mvua iliponyesha, alimwona Zulfa akiondoka amekumbatia furushi la kitenge. Basi, mwizi kapatikana. Tena ni mgeni, kahamia juzi tu kutoka Mbesa. Alitaka jina lake lifutwe kwenye timu ya mdahalo wa Kiingereza, ambayo Jumamosi ingeshindana na shule moja ya Majengo.

Zulfa alihisi masikio yanawaka. Miezi miwili alikuwa akifanya mazoezi kwa kuwahutubia mbuzi wa shangazi yake, ambao angalau walimsikiliza.

"Furushi lile lilikuwa korosho nilizoletewa hapa shuleni kutoka kwa bibi yangu," alisema. "Na asubuhi hii umezitafuna konzi mbili."

Darasa likacheka. Angeishia hapo, angekuwa ameshinda. Lakini hasira haina breki. Akasema kumbe Pankrasi ndiye mzungumzaji wa akiba kwenye timu. Yeye Zulfa akitolewa, Pankrasi anaingia. Kwa hiyo ni yeye aliyeificha kamusi. Pankrasi akasimama, ngumi zimekunjwa.

Hapo akaingia Mwalimu Judica. Darasa zima likasimama: "Shikamoo, mwalimu." Hakuitikia. Aliandika ubaoni jozi tatu za maneno walizojifunza wiki iliyopita: "weak argument", yaani hoja dhaifu; "false assumption", dhana isiyo ya kweli; "hasty conclusion", hitimisho la pupa. Alikuwa amewafundisha kwamba maneno ya Kiingereza yana wenzake wa kutembea nao, kama Asma na Dorine, marafiki wawili wa darasa hilo: ukimwona mmoja, mwingine yupo nyuma.

"Nimewasikia tangu nje. Pankrasi, yako ipi?"

Pankrasi alikunjua ngumi. "Hasty conclusion, mwalimu."

"Zulfa?"

"Mimi nimesingiziwa, mwalimu."

"Najua. Nimekuuliza yako ipi."

Zulfa aliusoma ubao tena. "Hiyo hiyo, mwalimu."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Ursula, mpishi wa uji, na kamusi mkononi. Ijumaa paa lilipoanza kuvuja juu ya meza, aliichukua akaifukia kwenye gunia la mahindi yaliyochangwa na wazazi, mahali pakavu, kisha akasahau kusema. Leo alikuwa akichota mahindi ya kupeleka mashineni, akaikuta.

Pankrasi aliomba msamaha huku anatazama sakafu. Zulfa akamwomba pia, kwa sauti ndogo, kisha akasema, "Lakini bado nimekasirika."

"Kasirika, mwanangu, una haki," alisema Mwalimu Judica. "Ila hasira isikufanyie kazi ya kufikiri. Kabla hamjamwita mtu mwizi, ulizeni: nani ameona, na ameona nini hasa? Furushi si kitabu. Kutamani nafasi ya mwenzako si kuiba. Na kutoka Mbesa si kosa. Jumamosi Zulfa atasimama wa kwanza kuzungumza. Pankrasi atambebea kamusi."

Akaweka chaki chini, akawatazama wote sitini, bado wamesimama.

"Haya, marahaba. Kaeni."