Jina Lililojifuta Kirolirwe

Jioni ile nilienda Kirolirwe kurekebisha klavye tu, kibodi ya kompyuta.

Ilikuwa mwaka wa 2008, mwezi wa kumi, vita vimeizunguka Kitshanga pande zote. Mimi ni Anastasie, mtu wa Butembo. Pale Kitshanga nilikuwa na kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta. Mume wangu, Edmond, alikuwa ameteremka kwenye machimbo ya Omate kuwauzia wachimbaji sabuni na chumvi. Wiki ya tatu ilikuwa inaisha bila habari yake.

Aliyeniita ni Céline. Alifanya kazi katika kambi ya wakimbizi ya Kirolirwe, kwenye ofisi ndogo ya mbao iliyotafuta watu waliopotezana wakati wa kukimbia. Mchana alipokea majina. Saa kumi na mbili jioni aliyatuma Goma kwa kompyuta iliyounganishwa na foni, ile redio kubwa ya antena. Ndani ya kompyuta alitumia dirisha la teminali: dirisha jeusi lisilo na picha yoyote, maandishi matupu. Unaandika mstari huku, Goma wanauona kule.

Nilifika kwa pikipiki, ukungu ukishuka na ng'ombe wakirudishwa zizini. Céline alikuwa mlangoni. Alikuwa amekonda sana.

Kwanza alinieleza makosa ya kawaida. Akibonyeza A, inatokea Q. Herufi zenye alama za Kifaransa zinageuka viboksi, hata jina lake mwenyewe halisomeki. Maandishi ni madogo, macho yanamuuma. Nikamwambia hayo yote ni kazi ya robo saa.

Akatazama nyuma yake. Akashusha sauti.

"Na touche ya kufuta, dada... inafuta yenyewe."

Jioni nne mfululizo, alisema, jina moja katika orodha lilikuwa limejifuta. Herufi moja moja, kutoka mwisho kurudi mwanzo. Na kila mara, kesho yake, familia ililetewa habari ya msiba. Mzee Habineza. Mwalimu Viateur. Kisha mama mmoja na binti yake, jioni mbili zilizofuatana. Watu wa kambi walikuwa wamekwisha kuhesabu. Walimpa mpaka Jumapili awe ameondoka.

"Batu banasema miye njo mulozi, mchawi," alisema. "Tengeneza hii mashini, waone kama iko mashini tu."

Nilimwonea huruma, na nilikuwa na hakika. Touche, yaani kitufe, ikikwama hufuta yenyewe, hilo kila fundi analijua. Nikaketi. Klavye ilikuwa imepangwa kwa Kiingereza, nikaipanga kwa Kifaransa, A ikawa A. Nikabadilisha namna ya kusoma herufi, viboksi vikatoka, na jina la Céline likasimama na alama yake juu. Nikakuza maandishi. Nikageuza rangi, yakawa meusi juu ya weupe. Touche ya kufuta ilikuwa inatuma alama isiyo yake, nikairekebisha. Nikazima hata ile hali ya herufi kujirudia kidole kinapokawia. Mwishowe nikachomoa klavye ile ya zamani, nikaunganisha mpya niliyokuja nayo.

Tukaijaribu. Haikukosea hata herufi moja. Céline akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Ndipo nikamwomba aongeze jina la mume wangu.

Akaliandika mwisho wa orodha, kwa herufi kubwa. EDMOND.

Saa kumi na mbili ikafika. Foni ikaanza kukwaruza.

Kwanza ilikuja harufu. Udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa sasa hivi. Nilidhani ni mvua inakuja.

Kisha... tik.

Céline alikuwa amekunja mikono kifuani. Mimi nilikuwa nimesimama.

EDMON

Nikainama kuangalia vizuri.

Tik.

EDMO

Nikaichomoa klavye kwa nguvu. Nikaibana kifuani, waya wake ukining'inia hewani, haujaunganishwa na kitu. Chini ya kiganja changu nikahisi touche moja inazama... polepole... kama inayobonyezwa na kidole kizito.

Tik.

EDM

Nikaitupa sakafuni.

"Jana nilizima," Céline alinong'ona. "Inangojea tu. Inataka jina moja, dada. Haiendi bila jina."

Sikumsikiliza. Nilipiga magoti chini ya meza, kwenye ile batri ya gari iliyoendesha kompyuta na foni yake, nikang'oa waya. Nilipoinua macho nililiona neno lile kwa mara ya mwisho kabla ekrani ya kompyuta haijafa.

ED

Giza. Foni ikanyamaza. Harufu ya udongo haikuondoka.

Nilikuwa nalia. Céline alinishika mabega. Akaniuliza Edmond ni mutu wa namna gani. Nikamwambia ni mpole, na tuna watoto wawili. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekwisha kuamua.

"Enda ku nyumba," alisema. "Nitafunga miye."

Nikaenda. Ningeweza kumvuta mkono tuondoke pamoja, pikipiki ilikuwa na nafasi. Nilienda peke yangu, na waya wa batri nikautia katika begi langu.

Asubuhi niliporudi Kirolirwe, Goma walikuwa wameita kwenye foni nyingine, ya dispensari, wakitaka kumpongeza Céline kwa kazi nzuri. Orodha ilikuwa imewafikia saa kumi na mbili na nusu, herufi zote safi. Jina la mume wangu lilikuwa kamili. Chini yake liliongezwa jina moja: Céline, na alama yake juu. Mpokeaji alisema jina hilo lilianza kupungua mbele ya macho yake, herufi moja moja, akadhani Céline anajisahihisha. Halafu mstari ukabaki mweupe.

Waya ulikuwa ungali katika begi langu.

Mlango wa ofisi tuliukuta umefungwa kwa komeo la ndani. Wanaume wakauvunja. Sandali zake zilikuwa chini ya meza, zimepangwa sawa. Yeye hakuwemo. Wengine walisema askari walipita barabarani jioni ile, wakamchukua. Wengine walisema mulozi amekimbia, na mlango kwake si kitu.

Siku ya sita Edmond alirudi, amefunikwa na vumbi, anachechemea. Jioni ile ile shimo la Omate lilikuwa limewaangukia, yeye na wengine, alipoingia kudai deni lake. Alisema uzito wa udongo haukumtisha. Kilichomtisha ni mikono. Ilimshika miguu, ikawa inamvuta chini kwa vituo, inavuta, inapumzika, inavuta, mpaka udongo ukamfika kifuani. Kisha ikamwachia ghafla.

"Kuna mwanamuke alinipita pale ndani," aliniambia. "Alikuwa anashuka. Akaniambia, pole, kaka."

Edmond hakuwahi kumwona Céline. Sikumwambia.

Wiki mbili baadaye mwanamke mzee alikuja kibandani kwangu kwa miguu. Alijitambulisha: Mukasine, mama yake Céline. Watu walikuwa wamemwambia mimi ndiye niliyebaki ninayeijua ile mashini. Alitaka niandike jina la binti yake katika orodha ya wanaotafutwa, labda kuna aliyemwona. Alinitajia kila kitu taratibu: umri, urefu, kovu la moto kwenye kiwiko. Nikaandika kwa kalamu kwenye karatasi. Akauliza nitaituma lini. Nikasema leo jioni.

Ni miaka sasa. Karatasi ninayo bado, sijaituma. Mama Mukasine hupita kila mwezi kuuliza, hukaa kidogo, hunywa chai, nami humwambia Goma hawajajibu.