Marufuku Kuzima

"Viazi vimeoza Makambako."

Sauti ilikuwa ya Mzee Joackim, mkuu wa operesheni, kutoka Dar es Salaam. Ilitua kwenye sikio la Asteria Mgaya, aliyekuwa amejikunyata ndani ya Hilux nyeupe jirani na soko la Njombe, akijipasha vidole kwa kikombe cha chai.

"Nichambue au nimwage, Mkuu?"

"Chambua. Kinachonuka kuliko vyote nakitaka kizima."

Simu ikakatika.

Kwa lugha ya Idara ya Usalama, viazi vilivyooza ni watu wetu wenyewe waliojiuza. Asteria alimwaga chai dirishani. Alishakimbizana na wauza silaha, wauza pembe na wauza watu. Lakini mzawa anayewauza wazawa wenzake kwa mgeni alimtia kinyaa, kinyaa kile cha kukuta nywele ndani ya tonge la ugali, ukiwa umeshalitia mdomoni.

Mbele yake Land Cruiser ya kijivu ilijitoa kwenye ukungu na kushika barabara ya Makambako.

Asteria akawasha gari.

Aliyekuwa kwenye Land Cruiser ile ni Lameki Mtewele, mhandisi mkuu wa Nyanda Mifumo, kampuni iliyopewa kazi ya kutunza mashine za oksijeni za hospitali za huku. Suti, tai, kiatu kinang'aa. Jumapili anasoma somo la kwanza kanisani kwa sauti nzito, waumini wanatikisa vichwa. Mtu wa watu, basi.

Mtu wa watu, kweli.

Mwanzoni mwa mwaka, wataalamu waligundua tundu kwenye kiini cha mfumo endeshi wa mashine hizo. Kiini ndiyo roho ya kompyuta. Mtu akikikamata, mashine inamtii yeye, na wewe mwenyewe inakudanganya kwa adabu zote. Waliotengeneza wakatoa kiraka cha kuliziba. Lameki akapita hospitali moja baada ya nyingine akikiweka, kila mahali akiripoti: imezibwa. Halafu Idara ikanasa tangazo kwenye soko la siri la mtandaoni. Kuna mtu anauza njia ya kuingia kwenye mashine za oksijeni za Nyanda za Juu Kusini, na anajitapa kwamba njia yake inapita hata palipozibwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakuwahi kukutana na fundi anayeunadi ufa wenyewe.

Miti ya milingoti na miwati ilipita kasi pande zote mbili. Lori la mbao liliyumba mbele, Land Cruiser ikalipita kwenye kona, Asteria naye akalipita kwenye kona hiyo hiyo huku dereva wa lori akimtukana kwa honi. Sindano ya mwendo ilipanda. Lameki hakutazama nyuma hata mara moja. Watu wa aina yake hawatazami, wanaamini dunia nzima ni waumini wao.

Makambako iliwapokea kwa upepo na vumbi lake. Land Cruiser iliingia kwenye uwanja wa hoteli moja nyuma ya stendi. Asteria alijifunga kitenge, akavua miwani, akaingia kama mfanyabiashara wa parachichi aliyechoka. Alipopita meza ya kona aliangusha kijiko, akainama kukiokota, na kinasa sauti kidogo kama kifungo cha shati kikabaki kimeng'ang'ania chini ya meza.

Akakaa mbali, kipokezi chake kimefichwa sikioni. Akaagiza maji.

Mezani pale Lameki alikuwa na mgeni mmoja, mrefu, ndevu zimechongwa, anayejiita Kessler. Sahani ya kitimoto ilikuwa katikati yao.

"Nimeambiwa mashine zote zimezibwa," alisema Kessler kwa Kiswahili cha darasani.

"Zimezibwa. Mkaguzi yeyote aje, kiraka atakikuta. Na bado ninaingia."

"Nionyeshe."

"Hospitali ipo hapo Mahongole, jirani tu. Ina wodi ya watoto njiti. Nawafungia oksijeni, lakini kioo kinaendelea kuonyesha kwamba ipo tele. Manesi watahangaika na watoto. Hakuna atakayeitilia shaka mashine."

"Kwa nini watoto?"

Lameki alilamba mafuta kidoleni. "Hawachelewi. Ni sampuli nzuri, hutakaa hapa mpaka jioni ukisubiri."

Akamwita mhudumu, akaomba pilipili iongezwe.

Asteria alishasikia maneno mengi mabaya kwenye kazi hii, ila hakuwahi kumsikia mtu akiyasema huku akichagua nyama yenye mafuta.

Lameki akagusa simu yake kwa kidole kile kile alichokilamba. "Tayari. Imeshaanza."

Asteria alikuwa ameshasimama.

Kessler alimwona kwanza. Akapindua meza, akapiga mbio kupitia jikoni, masufuria yakalia. Asteria hakumfuata. Glock 19 yake ilikuwa imetulia kwenye paji la uso la Lameki.

"Mlanzi kwa Kichuguu," aliwaita wenzake redioni. "Mgeni katoka mlango wa nyuma, shati la bluu."

"Tumempata, Mlanzi. Mlango wa nyuma ndiko tulikokaa."

Akamgeukia Lameki. "Fungua oksijeni."

"Haifunguki, dada yangu." Alikuwa amenyoosha mikono juu, mchuzi unamtiririka kwenye tai. "Ukishatuma amri, mlango unajifunga. Hata mimi siingii tena. Mteja alitaka kazi safi."

Aliitamka 'kazi safi' kwa majivuno. Asteria alimvisha pingu, akamburuta hadi kwenye Hilux, kisha akaifuta mikono yake kwenye kitenge.

Barabara ya Mahongole. Mguu umekanyaga mafuta hadi mwisho. Redioni alikuwa Mika, mtaalamu wa mitambo wa Idara.

"Mlanzi, nimeifikia mashine kwa mbali. Naiambia izime, inanijibu ndiyo, kisha inaendelea na mambo yake. Inanidanganya. Ila kiraka kipo, nakiona kwa macho yangu."

"Kama kipo, huyu kapitaje?"

"Ndicho kinachoniumiza kichwa."

Asteria akapiga simu ya wodi. Aliipokea Sista Feliciana, mtawa anayeisimamia wodi ile, na nyuma yake kulikuwa na vishindo vya watu wanaokimbia.

"Sista, natoka serikalini. Mashine ya oksijeni imeingiliwa. Izimeni sasa hivi."

"Mashine ni nzima, mwanangu. Inasema oksijeni imejaa."

"Na watoto wanasemaje?"

"Midomo inawageuka rangi. Hatuelewi."

"Basi zima hiyo mashine, Sista."

"Hiyo haizimwi! Mwaka juzi umeme ulikatika, ikagoma kuwaka mpaka fundi alipotoka Njombe. Tangu siku ile hatujaizima. Tumeiwekea betri, tumeiwekea jenereta. Nimebandika karatasi kwa mkono wangu: MARUFUKU KUZIMA. Fundi Lameki mwenyewe alinisifu. Wewe sikujui, na watoto hawa nimekabidhiwa mimi."

Akakata.

"Mika, umesikia?"

Redio ilikoroma. Kisha Mika akaachia pumzi ndefu. "Sisi ni wajinga, Mlanzi. Haijazimwa tangu mwaka juzi! Kiraka cha kiini hakifanyi kazi mpaka mashine izimwe na kuwashwa upya. Ni kama umenunua suruali mpya ukaitundika ukutani, kisha ukaendelea kutembea na ile iliyochanika. Kiraka kipo, ndiyo. Hakijavaliwa."

Asteria alimtazama Lameki kwenye kioo. Jamaa alikuwa anatabasamu kidogo, kama mwalimu ambaye darasa lake limepata jibu kwa kuchelewa.

"Nyanda zote ndivyo zilivyo," alisema. "Ofisi yoyote ingia. Mashine ikishakubali kuwaka, nani ataizima? Mimi sikuwadanganya. Niliwaacha tu na hofu yao."

Watu wanatunza kitu kwa upendo, anakuja mwingine analigeuza pendo lao kuwa kamba ya kuwanyongea. Asteria aligeuza kioo asimwone.

Mlinzi wa geti la hospitali, mzee wa makamo ndani ya koti la baridi, aliinua mkono kumsalimia kwa Kibena. "Kamwene, dada."

"Kamwene, baba. Fungua."

Mlinzi aliiona sura yake, akafungua.

Alimkokota Lameki hadi kwenye chumba cha mashine, kilichokuwa na kufuli la Tri-Circle. "Ufunguo?"

"Niliutupa njiani," alisema Lameki. "Mwingine anao Sista, na hatakupa."

Asteria aliirudisha Glock kwenye ala. Kufyatua risasi palipo na oksijeni ni kazi ya aliyechoka kuishi. Alichukua spana ya matairi, akaipenyeza kwenye komeo, akakaza meno. Komeo likang'oka na misumari yake.

Ndani, kompyuta ilikuwa juu ya meza iliyofutwa vumbi, imefunikwa juu kwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, cheupe, chenye maua ya waridi pembeni. Karatasi ilikuwa imebandikwa mbele kwa herufi kubwa. Sista Feliciana alikuwa ameshafika mlangoni, mwembamba, amenyoosha mikono kuziba njia.

"Utawaua."

"Wanakufa sasa hivi, Sista. Tazama kioo kinasema nini, kisha nenda kamtazame mtoto yeyote. Mmoja wao anadanganya."

Mtawa akakitazama kioo. Asilimia tisini na sita, kijani, kizuri. Kutoka wodini mwanamke alikuwa analia kwa sauti ya chini.

Akaishusha mikono.

"Ukiizima, kompresa nayo inasimama," alisema. "Itabidi tuwapulizie kwa mkono."

"Mnayo mifuko?"

"Mifuko ipo. Mikono haitoshi."

"Ianze iliyopo."

Sista alikimbia. Manesi, wahudumu, hata mpishi aliitwa. Kila kitanda kilipata mtu na ambu, ule mfuko wa mpira wa kusukumia hewa. Kila kitanda isipokuwa kimoja, cha mwisho karibu na dirisha. Hapo alikuwa amesimama mama kijana aitwaye Erica, mikono inamtetemeka kiasi kwamba nesi alimnyang'anya ambu mara mbili. Mtoto wake alikuwa mdogo kama parachichi, na alikuwa na rangi ya majivu.

Asteria ndiye aliyepaswa kukaa na mashine. Alimtazama Lameki.

Alimfungua mkono mmoja. Akampeleka kitandani, akamnawisha yeye mwenyewe kwa sabuni hadi viwiko, akamshikisha ambu.

"Minya."

"Mimi siyo nesi, dada."

"Nesi atakuhesabia. Minya polepole. Mtoto huyu akiacha kupumua, na wewe unaacha hapo hapo."

Lameki akaminya. Kifua kidogo kikainuka.

Asteria alirudi mbio, akakivuta kile kitambaa, akakandamiza kitufe na kukishikilia. Mashine iligoma, taa zikapepesa. Aliendelea kukandamiza mpaka kidole kikafa ganzi. Kompresa ikakohoa, ikanyamaza. Hospitali nzima ikawa kimya, ikabaki ile minong'ono ya kuhesabu wodini.

Akabonyeza tena.

Kioo cheusi.

"Mika."

"Subiri."

"Haiwaki, Mika."

"Subiri, dada yangu. Wewe subiri."

Mwaka juzi iligoma. Ikigoma leo, mikono ile itachoka mmoja baada ya mwingine. Asteria alijikuta anasali, jambo ambalo hakulifanya hata alipopigwa risasi ya bega kule Ludewa.

Mstari mmoja wa herufi nyeupe ukatokea. Kisha mwingine. Kisha herufi zikamiminika.

"Kiini kipya kimeamka," Mika alisema. "Tundu limeziba. Takataka yake ilikuwa inaishi kwenye kumbukumbu tu, imekufa na umeme."

Kioo kikasema kweli kwa mara ya kwanza siku hiyo: sifuri, nyekundu. Kompresa ikanguruma. Vali zikafunguka. Namba zikaanza kupanda, moja, nne, kumi na mbili.

Wodini rangi zilirudi polepole, kitanda hadi kitanda. Sista Feliciana alikuja na kuibandua ile karatasi kwa kucha. Aliikunja ndogo, akaiweka mfukoni, machozi yakimtoka bila kuyafuta.

"Sista, ulikuwa unawalinda," Asteria alimwambia. "Kuanzia leo, kiraka kikiwekwa, izimwe na iwashwe ukiwa umesimama hapa unaona. Nyanda zote zitaambiwa hivyo."

Alikwenda kitanda cha mwisho. Mtoto alikuwa amegeuka wa waridi, amekunja ngumi, anapumua mwenyewe. Lameki alikuwa bado ameshika ambu, jasho linamtoka. Pingu ilikuwa imefichwa na mkono wa suti.

"Umeona, mheshimiwa," alimnong'oneza Asteria. "Nimemwokoa. Hilo mliandike kwenye taarifa yenu. Mahakama huwa inazingatia."

Asteria alimtazama kama mtu anayetazama kitu kilichoganda chini ya kiatu chake.

Kabla hajajibu, Erica alipiga magoti. Alikishika kile kiganja cha Lameki kwa mikono yake yote miwili, analia na kucheka.

"Fundi, Mungu akubariki. Nilishamkatia tamaa, hata jina sikumpa. Unaitwa nani? Nataka mwanangu aitwe kama wewe."

Lameki akajinyoosha. Akaweka tai sawa. Kwa kweli kabisa, mtu yule alifungua mdomo kutaja jina lake.

Asteria aliuvuta mkono ule, akaufunga pingu ya pili mbele ya macho ya mama.

"Dada Erica, huyu ndiye aliyewafungia watoto hewa. Alikuwa anamwonyesha mteja."

Erica alibaki amepiga magoti. Aliitazama pingu, akamtazama Lameki usoni kwa muda mrefu, na Lameki akaangalia dirishani. Mama aliinuka, akachovya ncha ya kitenge safi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akaanza kumfuta mwanawe taratibu, shavuni na kidevuni, mahali pote palipoguswa na ule mkono. Alipomaliza akaanza tena.

Nje ukungu ulikuwa umeshuka. Asteria alimsukuma Lameki hadi kwenye Hilux. Alipoona jamaa anauendea mlango wa mbele, alimgeuza, akampandisha nyuma kwenye bodi na kumfunga kwenye chuma.

"Kuna baridi huku, dada yangu."

"Najua," alisema Asteria. "Ndani nataka kupumua."

Akapanda, akafungua madirisha yote, akaondoka.