Majivu Kwenye Ndoo ya Mchanga

Jalada lilikutwa limekuwa majivu ndani ya ndoo ya mchanga, kwenye stoo ya ofisi ya mafao ya wafanyakazi, saa nane mchana, watu wakirudi kutoka kula.

Inspekta, mama wa makamo, alipiga magoti, nayo yakamlalamikia. Dirisha lilikuwa wazi. Kitambaa kibichi kilikuwa kimetandazwa chini ya mlango. Karatasi kavu zilijaa rafu pande zote, na hakuna hata moja iliyobabuka.

"Aliyechoma amechoma kwa adabu," mama huyo alisema. "Jalada la nani?"

"La mzimamoto mmoja," karani wa stoo alijibu. "Wenzake walimwita Jogoo kwa makelele yake. Tangu ule moto wa bweni la shule hawiki tena. Anadai mafao ya ugonjwa wa kiwewe. Bodi inakaa kesho, afande. Bila jalada anaanza upya, mwaka mzima."

"Ndani mlikuwa na nini?"

"Fomu yake, barua ya daktari, na maelezo ya mkuu wake wa zamu. Kaandika si mgonjwa, mvivu tu."

Mtu anayeujua moto, mwenye karatasi ya kuchukia. Inspekta akaenda kwa Jogoo. Mkewe alimpokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Mume wangu achome kitu? Dada'ngu, mwaka wa pili huu hajashika kiberiti! Umeme ukikatika tunakaa gizani kama popo. Akiona mshumaa anaingia uvunguni." Sauti ikamshuka. "Hayo mafao ndiyo matibabu yake. Sina pengine."

Nyuma yake Jogoo alikuwa ameketi, buti zimefungwa kamba, kama mtu anayengoja kengele.

Inspekta alirudi ofisini, kwenye daftari la wageni. Saa ya chakula aliingia mmoja tu: mkuu wa zamu wa Jogoo, kukagua mitungi ya kuzimia moto. Akamwita.

"Umekagua mingapi, mzee?"

"Yote."

"Kadi za ukaguzi hazina sahihi yako hata moja."

Mkuu aliutazama mlango.

"Daktari ana nakala ya barua yake, anaituma leo. Fomu hujazwa tena. Kilichoungua kisichorudi ni maneno yako tu."

Mkuu aliishusha mikono kitini. Akaikalia.

"Niliomba niyafute. Wakasema karatasi ikishaingia haitoki." Alilifunga daftari la wageni. "Siku ile ya bweni tulikuwa ngazi moja, mimi naye. Tunawasikia wale watoto... Sasa, kama yeye mgonjwa, mimi ni nani? Mimi pia silali, afande. Nikaogopa kuvuliwa kofia ya ukuu, nikamwita mvivu. Juzi nimemkuta sokoni. Tairi limepasuka, yeye kalala kwenye matope, kamfunika mtoto wa watu asiyemjua. Nikajua nimemzika mzima."

"Ukamchomea na dawa yake."

"Sikujua bodi ni kesho. Wallahi sikujua."

Inspekta alimsukumia karatasi na kalamu.

"Hili ungamo linakwenda mahakamani. Nakala yake naipeleka mwenyewe kwa bodi, kesho saa tatu asubuhi, ikae badala ya maneno uliyoyachoma. Kwa hiyo usinifichie kitu, mzee. Anzia kwenye ngazi."

Mkuu wa zamu aliinamia karatasi. Aliandika "Mimi", akalikata neno hilo, akaandika "Sisi".